Lawama ya Taifa Stars si ya Vijana

Kila mara Taifa Stars inapofungwa, lawama huanguka juu ya vijana 11 waliovaa jezi. Huyu hana mguu, yule mzito, golikipa amelala, beki ameacha mlango wazi. Wiki haipiti, kocha naye anafukuzwa, watu wanashusha pumzi, na mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Sisi twasema desturi hii imetosha. Leo hatuzungumzi na wanaocheza mpira. Twazungumza na wanaouongoza.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina urafiki wala uadui. Nchi yetu imekwenda kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa Lagos mwaka 1980, baada ya bao la Peter Tino kule Ndola kutuvusha mbele ya Zambia mwaka 1979. Kisha tukakaa miaka 39 tukitazama wenzetu, mpaka tukafika Misri mwaka 2019. Mara ya tatu ilikuwa Ivory Coast mwezi Januari 2024, katika mashindano yaliyoitwa ya 2023. Mara ya nne ilikuwa Morocco, Desemba 2025 na Januari 2026.

Katika safari hizo nne tumecheza mechi 13. Tumetoka sare 5, tumefungwa 8, na hatujashinda hata moja. Tumefunga mabao 9, tumefungwa mabao 23. Morocco tulivuka kundi kwa mara ya kwanza, na wako waliopiga ngoma. Nasi tulifurahi. Lakini tulivuka kwa pointi mbili, kwa sare na Uganda na sare na Tunisia, kisha Morocco wakatutoa kwa bao 1-0. Mtu aliyevuka mto kwa kushika mkia wa ng'ombe asiende mjini kujisifu kwamba anajua kuogelea.

Na hiyo ndiyo habari njema. Habari mbaya ni za mechi za kutafuta Kombe la Dunia la 2026. Tulikwenda ugenini tukazifunga Niger na Zambia, bao moja moja. Ziliporudi kwetu Zanzibar, Septemba na Oktoba 2025, zote mbili zikatufunga bao moja moja mbele ya watu wetu wenyewe. Timu inayoshinda ugenini na kushindwa nyumbani haikosi nguvu. Inakosa utengenezaji.

Wako wanaosema kwamba Mtanzania hakuumbiwa mpira. Hayo ni maneno ya watu waliokwisha kata tamaa, nasi tunayakataa kabisa. Mwezi Agosti 2025 ilichezwa CHAN katika nchi yetu, Kenya na Uganda. Mashindano yale ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu. Vijana wetu wakashinda mechi tatu, wakaongoza kundi, wakafika robo fainali, ndipo Morocco, ambao mwishowe walichukua kombe, wakawatoa kwa bao moja. Na wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda India mwaka 2022 katika Kombe la Dunia la umri wao, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Miguu ipo. Vichwa vipo. Kilichokosekana ni kazi ya wale wanaolipwa kuiandaa miguu hiyo.

Basi tuitazame timu yenyewe, mahali kwa mahali.

Mbele tuna nani? Katika mashindano matatu ya 2019, 2023 na 2025 tulifunga mabao 6 kwa jumla. Manne kati ya hayo yalifungwa na watu wawili, Simon Msuva matatu na Mbwana Samatta moja. Tunawashukuru ndugu hawa. Samatta aliinua jina la nchi tangu alipokuwa TP Mazembe, akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara mwaka 2015, akachukua ubingwa wa Ubelgiji na Genk, na akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Lakini siku tulipocheza na Nigeria, tarehe 23 Desemba 2025, Samatta alikuwa anatimiza miaka 33, na Msuva alikwisha timiza 32. Mzigo waliobeba mwaka 2019 ndio waliokuwa wakiubeba bado. Nani aliandaliwa awapokee? Mkulima hangoji mgomba uanguke ndipo atafute chipukizi.

Sababu ya upungufu huu haikujificha. Itazameni Ligi Kuu yetu. Katika misimu saba, kutoka 2018/19 mpaka 2024/25, Mtanzania aliongoza kwa ufungaji mara mbili tu. John Bocco aliongoza kwa mabao 16 msimu wa 2020/21, na George Mpole wa Geita Gold kwa mabao 17 msimu uliofuata. Misimu mitano mingine ni ya wageni. Kagere wa Rwanda aliongoza mara mbili, kisha wakafuata Mayele wa Congo na Ntibazonkiza wa Burundi waliolingana, Aziz Ki wa Burkina Faso, na Ahoua wa Ivory Coast. Golini ni hivyo hivyo. Yanga ilimchukua Diarra wa Mali mwaka 2021. Simba ilimchukua Lakred wa Morocco mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikamchukua Camara wa Guinea. Kwa hiyo mahali pawili panapoamua mechi, pa kufunga na pa kuzuia, vilabu vyetu vikubwa vimepapangisha.

Tusikilizane vizuri hapa, maana wako wapotoshaji. Hatusemi wageni wafukuzwe. Hao ni Waafrika wenzetu, wamekuja kwa haki, wanafanya kazi yao kwa bidii, na wametufundisha mengi. Kwa msaada wao Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba ikaifika mwaka 2025. Chama kilichopigania umoja wa Afrika hakiwezi kumchukia Mrundi au Mkongo kwa sababu anafunga mabao. Mgeni hana kosa. Kosa ni la mwenyeji aliyempa mgeni kitanda, mwanawe akamlaza chini, kisha asubuhi akamlaumu mtoto kwamba hakulala vizuri.

Kanuni za miaka ya karibuni zimeruhusu klabu moja kusajili wageni hadi 12. Wageni 12 ni timu nzima na mmoja wa akiba! Nani aliyekaa chini akahesabu kanuni hiyo itafanya nini kwa golikipa wa miaka 19 kutoka Mbeya au Mwanza? Wakubwa wa vilabu wanataka kombe mwaka huu, hawana subira ya kulea. Hilo twalielewa, klabu ni klabu. Lakini shirikisho liliwekwa ili litazame mbali kuliko klabu. Kama shirikisho nalo linatazama mwaka huu tu, nani atatazama mwaka kesho?

Sasa tuje kwenye makocha. Kutoka mwaka 2014 mpaka 2025 Taifa Stars imepita katika mikono ya Nooij, Mkwasa, Mayanga, Amunike, Ndayiragije, Poulsen, Janza, Amrouche, Hemed Suleiman, na Gamondi. Makocha kumi katika miaka isiyozidi 12. Na hebu tazameni namna walivyoondoka. Mwaka 2019 kocha alifukuzwa siku chache baada ya mashindano. Januari 2024 kocha alisimamishwa katikati ya mashindano, baada ya mechi moja tu, kwa maneno aliyoyasema nje ya uwanja kuhusu Morocco. Mwaka 2025 kocha aliondolewa mwezi Novemba, wiki chache kabla ya mashindano, na mwingine akaazimwa kutoka Singida. Baada, katikati, kabla! Hakuna namna nyingine iliyobaki, labda kumfukuza kocha wakati wimbo wa taifa unapigwa.

Hatuwatetei makocha wote. Wako waliostahili kuondoka. Lakini kila mmoja alikuja na njia yake, majina yake na maneno yake, na kabla wachezaji hawajaizoea njia hiyo amekwisha ondoka nayo. Mwaka 2015 tulitoka sare ya 2-2 na Algeria hapa Dar es Salaam, watu wakasema sasa tumefika. Siku tatu baadaye kule Blida tukafungwa mabao 7. Januari 2024 tuliongoza dhidi ya Zambia, nao wakabaki watu 10 kabla ya mapumziko. Wakasawazisha dakika ya 88. Mambo kama hayo hayaponywi kwa hotuba chumbani. Ni matokeo ya timu isiyojua kushika ushindi, kwa sababu haikukaa pamoja chini ya mwalimu mmoja ikajifunza kuushika.

Tunapofukuza makocha kumi na matokeo yakabaki yale yale, mtu mwenye akili ataanza kuuliza juu ya yule anayeajiri na kufukuza. Mwajiri hakubadilika. Kila kocha alipoletwa tuliambiwa yeye ndiye dawa, na kila alipoondoka tuliambiwa yeye ndiye ugonjwa.

Tena kuna jambo linalotuuma zaidi, nalo ni la vijana wa chini ya miaka 17. Mwaka 2017 Serengeti Boys walikwenda Gabon, wakatoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger 1-0. Mwaka 2019 tulikuwa wenyeji wa mashindano hayo. Tulifungwa mechi zote tatu, lakini tuliifunga Nigeria mabao 4 kabla haijatushinda 5-4. Vijana waliokwenda Gabon na miaka 17 walitimiza miaka 25 mwaka 2025, umri ambao mwanamume anaucheza mpira kwa nguvu zake zote. Wa mwaka 2019 walitimiza 23. Hao ndio waliopaswa kuwa uti wa mgongo wa Taifa Stars kule Morocco. Wako waliofika Taifa Stars, kama Dickson Job na Kelvin John. Wengine wako wapi? Nani aliwaandika kitabuni, akawafuata kutoka klabu moja hata nyingine, akajua nani ameumia goti, nani ameacha mpira akaenda kuendesha bodaboda? Tuliwapigia makofi, tukawapiga picha, tukawasahau.

Fedha hazikosekani kama zamani. Mwaka 2021 ulitiwa sahihi mkataba wa haki za televisheni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Serikali nayo haikukunja mkono. Tulipofuzu mwaka 2019 kila mchezaji aliahidiwa kiwanja Dodoma, na vilabu vimepewa zawadi za Rais kwa kila bao katika mashindano ya Afrika. Twashukuru. Lakini zawadi hizo zote ni za mavuno. Nani anatoa zawadi ya kupanda? Mwalimu wa shule anayewafundisha watoto 40 kwa mpira mmoja uliotoboka hajaahidiwa kiwanja mahali popote, na yeye ndiye anayemwona Samatta mwingine kabla ya sisi sote.

Na uongozi wa ligi yenyewe? Tarehe 8 Machi 2025 Yanga na Simba zilipaswa kucheza. Simba ikasema ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, ikakataa kucheza, na mechi ikaahirishwa siku ile ile, watu wakiwa wamekwisha toka mikoani kwa nauli zao. Ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, baada ya miezi mitatu na nusu ya ubishi. Kama wenye ligi hawawezi kuhakikisha mechi moja inayojulikana na kila mtoto inachezwa siku yake, watawezaje kupanga miaka minane ya kumlea kijana mmoja?

Mwezi Agosti 2025 shirikisho lilifanya uchaguzi wake Tanga, na rais aliyekuwapo akarudi bila mpinzani. Hatusemi alivunja sheria. Tunasema kwamba uchaguzi wa mtu mmoja hauulizi maswali. Mgombea mwenye mpinzani hulazimika kusimama mbele ya wajumbe aeleze kwa nini makocha kumi, kwa nini wageni 12, vijana wa Gabon wako wapi. Asiye na mpinzani hushukuru, hupigwa picha, na huenda zake. Wajumbe waliokaa kimya nao wana sehemu yao katika mabao 23.

Wako watakaosema, mpira ni mchezo tu, chama cha siasa kinatafuta nini humo? Wanaosema hivyo hawajui historia ya nchi hii. Vilabu vya mpira vya Dar es Salaam vilianzishwa na Waafrika katika miaka ya 1930, wakati mkoloni hakuwaruhusu kuwa na kitu kingi cha kwao. Mle watu wa makabila mbalimbali walijifunza kuchagua viongozi, kuweka akiba, kuandika kumbukumbu za mikutano na kuulizana juu ya fedha. Mtu aliyekwisha jifunza kumuuliza mweka hazina wa klabu yake, baadaye hakuogopa kumuuliza Gavana. Kama tulikuwa na ujasiri huo chini ya bendera ya mwingine, itakuwa aibu kuukosa chini ya bendera yetu wenyewe.

Tena saa inakwenda. Septemba 2023 Shirikisho la Mpira la Afrika lilizipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa Kombe la Mataifa la 2027. Kwa ajili yake kiwanja cha watu 30,000 kilianza kujengwa Arusha. Saruji tunaiona, vyuma tunaviona, na hesabu ya viti tunapewa. Lakini kiwanja hakifungi bao. Wageni watakuja wakae katika viti vyetu, wale chakula chetu, wasifu milima yetu, na kisha watushinde mbele ya macho yetu, wapande ndege waende zao? Huo utakuwa ni ukarimu wa kupita kiasi.

Kwa hiyo sisi twataka mambo matano, nayo yote yawezekana.

Kwanza, kanuni ya usajili itazamwe upya, si kwa chuki, bali kwa hesabu. Kila klabu ya Ligi Kuu iwe na wajibu wa kuwapa vijana wa Kitanzania walio chini ya miaka 21 dakika za kucheza, zihesabiwe na kutangazwa kila mwezi. Kumsajili kijana na kumkalisha benchi si kumlea.

Pili, kocha wa Taifa apewe miaka minne na kazi iliyoandikwa, na kazi hiyo itangazwe kwa wananchi. Akishindwa aondoke kwa kipimo hicho, si kwa kelele za usiku mmoja. Na yule atakayemwajiri naye apimwe kwa kipimo hicho hicho.

Tatu, kuwe na daftari moja la vijana wa taifa. Kila aliyevaa jezi ya Serengeti Boys au Serengeti Girls ajulikane yuko wapi, anacheza wapi, anahitaji nini. Jambo hili halitaki mabilioni. Lataka karani mmoja mwaminifu na kalamu.

Nne, michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, iwe ndiyo mlango mkuu wa timu ya Taifa, si sherehe ya wiki mbili. Sehemu inayojulikana ya fedha za mpira iende huko, kwa mipira, kwa viwanja na kwa posho ya walimu.

Tano, shirikisho litoe hesabu zake hadharani kila mwaka kwa lugha ambayo mwananchi wa kawaida anaisoma, na uchaguzi wake uwe na milango inayopitika kwa zaidi ya mtu mmoja.

Nanyi wanachama, msingoje wakubwa. Katika kila tawi kuna kiwanja cha watoto kinachonyemelewa na mtu mwenye matofali. Jueni mipaka yake, muulizeni mwenyekiti wa mtaa hati iko wapi, na siku mtakapoona mambo za kupimia ardhi zimechomekwa katikati ya goli, itisheni mkutano siku hiyo hiyo. Anayeuza kiwanja cha shule anauza mabao ya mwaka 2040.

Na siku Taifa Stars itakapocheza tena, nendeni mkashangilie kwa sauti zenu zote. Kijana akikosa bao msimtukane mama yake. Yeye amefanya alichoweza kwa kile alichopewa. Maneno yenu yawekeni akiba kwa ajili ya mkutano mkuu, na mwambieni mjumbe wa mkoa wenu ayapeleke kama yalivyo. Akirudi bila majibu, mchagueni mwingine.